Sura ya Nne: Jenga Mahali Kwanza

Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Katika nyumba nyingi za Gorong'a siku hizi, mama mwenye nyumba huinama kutwa nzima, maana uvungu wa kitanda chake umekuwa ghala, stoo, kabati na banda. Chini ya kitanda kimoja utakuta gunia la mahindi, ulimi wa plau, dumu la dawa ya kupe, viatu vya mtoto aliyekwisha kumaliza shule, begi la vyeti na kuku anayeatamia. Juu ya kitanda imepita kamba iliyoelemewa na nguo. Sebuleni, kati ya makochi yaliyotandikwa vitambaa, pikipiki hulala kwa kuogopewa wezi, na nyuma ya mlango zimesimama jembe, panga na bomba la kupulizia dawa.

Mgeni akibisha hodi, mama husukumia vitu chumbani na kushusha pazia. Mgeni akiondoka, maneno yanabaki: mwanamke huyu hajui kupanga nyumba. Maneno hayo si ya haki. Mtu hupanga vitu pale palipo na pa kuviweka. Nyumba isiyo na ghala, stoo, rafu wala kabati haipangiki, hata ikifagiliwa mara tatu kwa siku. Sura hii inaeleza tulivyofika hapa, na namna familia ya kipato cha kawaida inavyoweza kutoka hapa kwa kutumia mirunda, mbao chache, misumari na makubaliano.

Mji uliokuwa na mahali pengi

Gorong'a ni kata ya wilaya ya Tarime, upande unaoelekea Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wilaya jirani ni Serengeti, yenye makao yake Mugumu. Huku ni kwa Wakurya na jamaa zao, watu wa ng'ombe na ulezi. Mji wa Kikurya wa zamani ulikuwa na majengo kadhaa: nyumba za duara zilizokandikwa udongo na kuezekwa nyasi, zizi la ng'ombe, maghala, na nyumba ya vijana wa kiume waliokaribia kuoa. Kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na ghala lake. Hata mali ilihesabiwa kwa nyumba. Ng'ombe wa mahari ya binti walikwenda kumwolea kaka yake wa tumbo moja, wala hawakuchanganywa ovyo na wa nyumba nyingine.

Utaratibu huo ulikuwa na faida ambayo hatukuitambua mpaka ulipopotea. Kila kitu kilikuwa na jengo lake na mwenyewe. Ulezi ulikaa ghalani, nje, juu ya miguu ya miti, mbali na unyevu wa ardhi. Maziwa yalikaa kwenye vibuyu, na vibuyu vilikuwa na mahali pa kutundikwa. Zana za shamba na za ng'ombe hazikulala na watoto. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kulala, kupika na kuota moto. Ilikuwa ndogo, na ilitosha, kwa kuwa kazi nyingi zilifanyika nje yake.

Kisha mambo kadhaa yalibadilika kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1973 hadi 1976, operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji iliwaondoa Watanzania wengi kwenye miji yao iliyotawanyika na kuwasogeza karibu na barabara na shule. Nyumba ya pembe nne yenye bati ikawa alama ya maendeleo, na kwa sababu nzuri: bati haliozi kama nyasi, na maji ya mvua hukingwa. Mahindi yakachukua sehemu kubwa ya mashamba yaliyokuwa ya ulezi na mtama. Wizi wa nafaka ukawafanya watu waogope kuacha chakula cha mwaka mzima nje usiku. Mashamba yakagawanywa kwa wana, viwanja vikabana.

Hakuna aliyekaa kitako akaamua kwamba ghala lihamie chumbani. Lilihama gunia moja moja. Banda la ndama likabomoka na halikujengwa tena. Nyumba ya vijana ikageuzwa chumba cha nyuma. Mwishowe nyumba moja ya vyumba vitatu ikabeba kazi za mji mzima, na aliyeachiwa kuupanga mzigo huo ni mtu mmoja.

Kutoka Tokyo hadi Mbeya

Mwaka 2014 kitabu cha Marie Kondo, mwanamke wa Japani, kilitoka kwa Kiingereza na kuuzwa kwa mamilioni duniani. Anafundisha kukusanya vitu vyote vya aina moja, kukishika kimoja kimoja, na kubaki na kile tu kinachokupa furaha. Mafundisho hayo yamewafaa wengi wanaoishi katika vyumba vidogo vya mijini, karibu na maduka yaliyojaa. Mtu akitupa ndoo leo, kesho atanunua nyingine kwa dakika kumi.

Kwetu hesabu ni nyingine. Nira haikupi furaha mwezi ambao hulimi, lakini msimu ukifika bila nira, shamba halilimwi. Dumu tupu ni maji ya kesho. Gunia la salfeti lililotoboka ni la kuanikia mihogo. Usitupe mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, na katika nchi ambamo mvua inaweza kukosekana, neno hilo lina uzito. Mwongozo unaoanza na kutupa utakataliwa na kila bibi wa Tarime, na bibi atakuwa na haki.

Kuna njia nyingine, nayo pia ilitoka Japani, ila ilipita viwandani na kufika hospitalini kwetu. Mwaka 2007, kwa ushirikiano na shirika la misaada la Japani, JICA, Wizara ya Afya ilianza kuijaribu katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kisha ikaenezwa katika hospitali nyingine nchini. Inaitwa S tano, na kwa Kiswahili hatua zake ni sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Unatenganisha vinavyotumika na visivyotumika. Unakipa kila kilichobaki mahali karibu na kazi yake. Unasafisha. Unaweka utaratibu mmoja ambao kila mtu anaujua. Kisha unaushikilia. Lengo ni kwamba nesi anayehitaji glavu usiku wa manane azipate bila kumwamsha mtu.

Nyumbani kipimo hicho kinafaa vilevile. Mtume mtoto wa miaka minane, jioni, umeme umekatika: "Mwanangu, niletee kadi ya kliniki ya mdogo wako." Akiileta bila kuuliza iko wapi, nyumba imepangwa. Akirudi na swali, kadi ile haina mahali, hata kama nyumba inang'aa.

Basi kabla ya kugusa chochote, uliza maswali mawili kwa kila kitu: kinafanya kazi wapi, na kinafanya kazi lini? Majibu yatakupa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vya kila siku: sufuria, ndoo, sare za shule, tochi. Hivi vikae karibu na mkono. Fungu la pili ni vya msimu: plau, nira, mifuko ya mbegu, maturubai ya kuanikia. Hivi vikae mbali na njia, pakavu. Fungu la tatu ni vilivyokwisha kazi, nalo tutalifikia mwishoni, kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi si kubwa kama tunavyodhani. Kinachojaza nyumba ni fungu la pili. Vitu vya msimu vimekaa mahali pa vitu vya kila siku mwaka mzima.

Anza na nafaka

Toa nafaka chumbani kwanza. Ndiyo inayochukua nafasi kubwa, na ndiyo inayowaita wengine. Panya huja kwa ajili ya mahindi, na nyoka huja kwa ajili ya panya. Magunia yakibanwa na kitanda, chandarua hakichomekwi vizuri chini ya godoro, na mbu hupata pa kupenya.

Nafaka haikuingia chumbani kwa wizi peke yake. Ulezi una punje ndogo ngumu, na wadudu wa ghalani hawausumbui sana. Ukikaushwa vizuri hukaa miaka. Mahindi hayana nguvu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitambuliwa kule Tabora kwamba mdudu mpya ameingia nchini, mwenye asili ya Amerika ya Kati, anayetoboa punje na kuigeuza unga. Wakulima walimpa jina la Scania. Wengine humwita dumuzi. Ameenea nchi nzima, na hutoboa hata miti ya ghala na kujificha humo akisubiri mavuno yajayo. Familia nyingi ziliona ghala la nje halina faida tena, zikaacha kulijenga.

Leo dumuzi ana dawa isiyo na sumu. Ni mifuko isiyopitisha hewa, inayojulikana madukani kama mifuko ya PICS au ya kinga njaa. Aina ya PICS ilianzia Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipotafuta namna ya kuhifadhi kunde. Ndani ya gunia la kawaida kuna mifuko miwili ya plastiki nzito. Unajaza mahindi makavu, unakamua hewa, unafunga mfuko wa ndani kwa kamba, kisha wa pili, kisha gunia lenyewe. Wadudu waliomo humaliza hewa safi na kufa, wala huhitaji kunyunyizia chochote juu ya chakula cha watoto.

Masharti yake ni mawili. La kwanza, mahindi yawe yamekauka, unyevu usizidi asilimia 13. Ili kupima, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia punje hadi kama robo yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa, acha kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Usilione sharti hili dogo. Mahindi yaliyofungwa yakiwa mabichi hupata kuvu, na kuvu huzaa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi ya nyumbani mwao. La pili, mfuko usitobolewe. Panya akiutoboa, au ukikwaruzwa na msumari, umekuwa gunia la kawaida.

Kwa hiyo mifuko inahitaji mahali. Wenye uwanja salama wajenge ghala dogo la nje karibu na dirisha la chumba cha kulala, juu ya miguu iliyovishwa makopo ya bati ili panya wasipande, na mlango wenye kufuli. Wasio na usalama huo watenge chumba kimoja, au kona moja iliyozibwa kwa ukuta wa mbao, iwe stoo ya nafaka na isiwe kitu kingine. Chini weka chaga la mirunda, kimo cha kiganja kutoka sakafuni. Mifuko isiguse ukuta. Acha nafasi ya mtu kupita akiwa na ufagio. Kabla ya kila mavuno, toa kila kitu, fagia hadi kwenye nyufa, choma takataka, na usichanganye mahindi ya zamani na mapya.

Gunia la mwisho likishatoka chumbani utashangaa ukubwa wa chumba chako.

Vinavyoua

Baada ya nafaka, tafuta sumu. Pitia nyumba nzima na ukusanye kila chenye kuua: dawa ya kupe, dawa za mahindi na tumbaku, sumu ya panya, petroli ya pikipiki, mafuta ya taa, maji ya betri. Karibu na Nyamongo, ambako wachimbaji wadogo husafisha dhahabu, ongeza zebaki na karai lake.

Vitu hivi hukaa katika nyumba zetu kwa namna inayotisha. Mafuta ya taa huwekwa kwenye chupa ya soda. Dawa ya kupe hununuliwa kwa kupimiwa, ikamiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ikawekwa chini ya kitanda kwa kuwa ndiko inakodhaniwa kwamba mtoto hafiki. Mtoto ndiye afikaye uvunguni kwa urahisi kuliko mtu yeyote. Na mtoto mwenye kiu akiona chupa ya soda, anakunywa.

Jenga sanduku moja la mbao lenye kifuniko na kufuli, ulitundike ukutani nje ya nyumba ya kulala, chini ya paa, juu ya kichwa cha mtu mzima. Kila sumu ikae humo, katika chombo chake cha asili chenye maandishi. Isiyo na chombo chake cha asili, andika jina kwa rangi juu ya dumu. Funguo zishikwe na watu wazima wawili. Petroli ikae mbali na jiko na taa. Makopo ya dawa yaliyokwisha yasuuze mara tatu, maji hayo uyapulizie shambani, kisha yatoboe yasitumike tena. Kopo la dawa halifai kuchotea maji hata likioshwa kwa majivu mara saba. Zebaki isiingie nyumbani kabisa. Mvuke wake hauonekani na hauna harufu, na sufuria iliyochomea dhahabu haipikiwi ugali.

Pikipiki nayo inastahili kibanda. Najua hofu ya wizi, na hofu hiyo ni ya kweli. Lakini pikipiki sebuleni inaleta petroli na moto chumba kimoja na watoto waliolala. Chumba kidogo cha matofali kilichoungana na nyumba, mlango wake wa chuma ukifunguka kuelekea uani, hulinda pikipiki na kuacha sebule iwe ya watu. Kama fedha haijapatikana, angalau zima kabisa bomba la mafuta, na usiweke dumu la akiba ndani.

Kuku nao watoke. Banda lililoinuliwa kwa miguu, sakafu ya fito zilizoachiana ili kinyesi kianguke, na ngazi ndogo inayoondolewa usiku: kijana wa darasa la sita anaweza kumsaidia baba yake kulijenga Jumamosi moja. Mtoto anayetambaa sakafuni hapaswi kushindania nafasi na kuku.

Juu ya vichwa vyetu

Tunalilia nafasi sakafuni huku nafasi kubwa iko juu yetu. Kati ya linta na kenchi za nyumba ya bati kuna chumba kizima ambacho hakuna anayekitumia. Mwambie fundi atandaze mbao nene juu ya nusu ya chumba kimoja, zishikwe na boriti, kisha aweke ngazi ya kusimamisha. Hapo ndipo pa fungu la pili: maturubai, ndoo za ziada, mablanketi ya wageni, sufuria kubwa za shughuli, nira. Plau ni zito. Lenyewe litundikwe kwenye ukuta wa banda la nje, ulimi wake ukiwa umepakwa mafuta machafu usile kutu. Vitu vyepesi tu ndivyo vipande darini, na vitu vya plastiki visikae moja kwa moja chini ya bati, maana joto la mchana huvipasua.

Nguo zitoke kwenye kamba ya chumbani. Mbu hupenda kutulia mchana mahali penye giza na pasipotikiswa, na safu ya nguo zilizotundikwa inawapa hicho wanachotaka. Ubao wenye misumari kumi ukutani unatosha nguo za kuvaa wiki hii. Nyingine zikunjwe, kila mtu na sanduku au ndoo yake yenye mfuniko, jina likiandikwa juu. Watoto hujifunza kutunza kilicho chao. Nguo zao zikichanganywa rundo moja, hakuna mwenye kuzitunza.

Jikoni fuata mwendo wa mikono ya anayepika. Chumvi, mwiko na kibiriti vikae anapovifikia bila kuondoka motoni. Maji ya kunywa yawe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na ndoo za kufulia, na kata yake itundikwe, isitupwe juu ya mfuniko. Kibuyu cha maziwa kinahitaji ndoano mahali penye hewa, kinywa kikitazama chini baada ya kuoshwa. Nje, kichanja cha vyombo cha miti, kimo cha kiuno, huacha jua likaushe masufuria na kuyanusuru na mbwa na vumbi. Wengi wetu tulivijua vichanja hivyo kupitia mabwana na mabibi afya waliopita nyumba kwa nyumba. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchini katika vikundi vya kusikiliza na kutenda, nao wakachimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba zao. Kazi kubwa iliyofanyika uani mwaka ule sasa inatungoja ndani.

Vyombo vya wageni ni jambo la heshima, nami sitaki mtu aviguse bila adabu. Chupa ya chai, sinia na vikombe vyenye maua ni haki ya mama mwenye nyumba. Ila kabati lake lisiwe pia la dawa za malaria, chaja mbovu na karatasi za ada. Kabati la heshima likae na vya heshima.

Karatasi

Miaka hii karatasi zimekuwa mali. Familia moja ina vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, kadi za kliniki, vyeti vya shule, stakabadhi za mauzo ya tumbaku au kahawa, pengine na hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hizi ndizo zinazompeleka binti chuoni, na ndizo zinazomlinda mjane siku shemeji anapodai shamba.

Lakini ndizo zinazolala vibaya kuliko vyote: chini ya godoro, nyuma ya picha ukutani, ndani ya Biblia, kwenye mfuko wa koti la baba. Mchwa huzila. Mvua ya bati lililotoboka huzilowesha. Mwenye kuzificha akifa ghafla, hakuna ajuaye zilipo.

Tafuta tranka moja la bati, kama lile la mwanafunzi wa bweni. Weka bahasha moja kwa kila mtu wa familia na moja ya ardhi, kila bahasha ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa. Tranka likae juu ya mawe au rafu, karibu na mlango kuliko ukuta wa nyuma, ili moto ukitokea liweze kubebwa. Piga picha za karatasi zote kwa simu na umtumie mtoto au ndugu anayekaa mbali. Na mume na mke, wote wawili, wajue kilichomo na wawe na funguo. Hati iliyofichwa kwa mke haimlindi mtu.

Vilivyokwisha kazi

Sasa fungu la tatu. Mwenye kitu akiwepo, na asiamuliwe na mwingine, toeni nje vile ambavyo havijatumika kwa misimu miwili ya kulima. Kipimo cha misimu miwili kinatufaa kuliko kipimo cha miezi, kwa sababu maisha yetu yanakwenda kwa mvua.

Vyuma vina mnunuzi. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita vijijini na mizani. Nguo zilizopungua zina jamaa, na zilizochakaa kabisa ni matambara ya kupigia deki. Viatu vya shule na madaftari yenye kurasa safi vina mtoto wa jirani. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na bado mingine imejazana katika pembe za nyumba zetu. Isichomwe jikoni, moshi wake ni sumu. Betri zilizokwisha zikusanywe kwenye kopo moja, mbali na watoto na mbali na kisima.

Vitu vya marehemu visubiri. Kibuyu cha bibi na fimbo ya babu havihukumiwi kwa matumizi. Vipewe mahali pamoja pa heshima, na watoto waambiwe vilikuwa vya nani. Kitu cha kumbukumbu kilichozikwa chini ya magunia hakimkumbushi mtu chochote.

Kazi ya wanaume

Rudi sasa utazame orodha ya yote tuliyoyataja: ghala, chaga, sanduku la sumu, kibanda cha pikipiki, banda la kuku, dari, ubao wa misumari, kichanja, rafu ya tranka. Kila kimoja ni cha kujengwa. Katika mji wa zamani kukata miti, kusimamisha nguzo na kuezeka vilikuwa juu ya wanaume, kukandika na kupaka kuta juu ya wanawake, na mji ulisimama kwa mikono yote. Nyumba ya bati ilipokuja, fundi alilipwa, akamaliza, akaondoka, na wanaume wengi tukaona sehemu yetu imekwisha. Sehemu ya wanawake haikwisha. Waliendelea kupanga na kupangua katika nyumba ambayo haikuwa na pa kupangia.

Ndiyo maana nasema usafi wa nyumba uanze na kikao cha familia, baba akiwa na kalamu. Zungukeni nyumba pamoja. Mama aseme kipi kinamkwaza kila siku. Yeye ndiye anayejua. Watoto waseme wanachotafuta asubuhi wasikipate. Baba aandike vitu vitano vya kujenga na avipange kwa hatari na haja: sanduku la sumu kwanza, kwa kuwa linagharimu mbao kidogo na linaokoa mtoto wiki hiihii, ghala kabla ya mavuno, vingine mwezi kwa mwezi, kadiri mbuzi au zao litakavyoruhusu.

Kisha ushikilieni utaratibu. Kila msimu, kabla ya mavuno, siku moja iwe ya nyumba, watu wote wawepo, kila kitu kitoke kiangaliwe na kirudi mahali pake. Kitu kipya kikinunuliwa, mnunuzi aseme kitakaa wapi kabla hakijavuka kizingiti. Na mwanamume atakayeona nyumba yake imejaa asimwite mke wake mvivu. Achukue nyundo kwanza.